Dola 7,000 za Dira 2050: zangu, zako au za jamaa wa usiku?

Haya wadau, nimerudi. Mliokuwa mnauliza kwenye maoni kama bando limenifilisi, jibu ni ndiyo, lakini si hilo lililonichelewesha. Kilichonichelewesha ni ugomvi mliouanzisha wenyewe chini ya makala yangu ya mwisho, ile ya Dira 2050.

Kwa waliokuwa hawapo: Dira ilizinduliwa Dodoma tarehe 17 Julai 2025, na inataka ifikapo mwaka 2050 uchumi wa Tanzania uwe wa dola trilioni 1 na pato la mtu lifike dola 7,000 kwa mwaka. Anony mmoja akaandika kwamba kwa hiyo kila Mtanzania atakuwa anashika dola 7,000, akazidisha na familia yake ya watu sita, akapata dola 42,000, akaanza kutuchagulia gari. Anony wa pili akamjibu kwamba huo ni usanii mtupu, mwaka 2020 tuliambiwa tumeingia uchumi wa kati na yeye mpaka leo anakopa unga dukani. Basi mkatukanana mpaka usiku (nimefuta maoni nane, mnajijua).

Mimi nasema wote wawili wamejikwaa kwenye jiwe moja, nalo ni neno WASTANI. Na nasema hivyo nikiwa mtu ambaye nusura nipoteze kibarua kwa sababu ya neno hilohilo. Ngoja niwape kisa, halafu turudi kwenye Dira.

Kama mnavyojua, mchana nasimamia cafe (siku hizi mnaziita stationery, lakini kompyuta sita bado zipo na watu bado wanakaa). Kila mteja anaandikwa kwenye daftari, ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi. Siku moja bosi akachukua daftari la Jumamosi, wateja 20, akajumlisha dakika zote, akagawanya kwa 20, akapata 58. Akaniita. "Dogo, unaona? Wateja wangu wanakaa saa nzima. Hii biashara ya kuuza robo saa na nusu saa tunajisumbua bure." Kesho yake bango likabadilika, kuanzia saa moja, shilingi 1,000, chini ya hapo hatuuzi.

Wiki mbili tu. Cafe ikawa kimya kama msikiti saa nne asubuhi. Wateja wote wamevuka barabara kwenda kwa jirani, na bosi anauliza mimi nimewafanya nini wateja wake, eti nina maneno ya karaha.

Usiku huo nikachukua daftari nikaanza kuingiza zile namba kwenye kompyuta. Nawawekea zote hapa ili asije mtu akasema nimepika: 10, 10, 15, 15, 15, 20, 20, 20, 25, 30, 30, 30, 30, 40, 45, 60, 60, 90, 120, 480.

Mnaona? Bosi hakukosea kujumlisha. Jumla ni 1,165, ukigawa kwa 20 ni 58.25. Lakini hebu niambieni ni mteja gani hapo anakaa dakika 58! Watu 15 kati ya 20 wako CHINI ya wastani. Wengi ni wa dakika 10 mpaka 30, amekuja kuangalia matokeo, kuprinti barua, kutuma CV, anaondoka. Halafu kuna jamaa mmoja, yule wa usiku, anayeingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa nane usiku. Dakika 480. Mtoe yeye peke yake na wastani unaanguka mpaka 36. Yaani bei ya cafe nzima ilipangwa na mtu mmoja ambaye hata hakuulizwa.

Sasa ile ya katikati. Wapange wateja foleni kuanzia wa dakika chache mpaka wa nyingi, kisha mtafute aliyesimama katikati. Hapo ni dakika 30. Hiyo ndiyo mediani, tuliisoma kidato cha tatu au cha nne tukaikimbia baada ya mtihani. Mediani haimjali jamaa wa usiku. Akikaa dakika 480 au akahamia cafe mwezi mzima, mtu wa katikati bado ni wa dakika 30.

Programu niliyotumia inaitwa R. Ni ya bure kabisa, haina krak wala nini, ilianzishwa miaka ya 1990 na walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Haina vitufe vya kubonyezabonyeza, unaandika amri nayo inajibu. Ukiiogopa, hata Excel inafanya, unaandika =AVERAGE kwa wastani na =MEDIAN kwa mediani. Mimi niliandika hivi:

x <- c(10,10,15,15,15,20,20,20,25,30,30,30,30,40,45,60,60,90,120,480)
mean(x)
median(x)
sd(x)

Amri ya mwisho ndiyo ilinichekesha mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Hiyo sd inapima mchepuko, yaani kwa kawaida watu wanatofautiana na wastani kwa kiasi gani. Ikanipa 103. Sasa ile kanuni tuliyofundishwa, kwamba watu wengi wako kati ya wastani kutoa mchepuko mmoja na wastani kujumlisha mchepuko mmoja, ukiitumia hapa unapata kwamba mteja wa kawaida anakaa kuanzia dakika -45 mpaka dakika 161. Dakika HASI arobaini na tano! Yaani mteja anaondoka robo tatu saa kabla hajafika. Kwa bei ya bosi inabidi tumrudishie shilingi 750.

Kompyuta haijakosea hapo. Imejibu ilichoulizwa. Tatizo ni kwamba ile kanuni inatoka kwenye mchoro wa kengele, ule ambao watu wengi wamejazana katikati na pande zote mbili zinateremka sawasawa. Urefu wa watu uko hivyo. Ukipima wanaume 1,000 wa Kariakoo utapata kengele safi, hakuna mwenye mita tisa. Lakini dakika za cafe, pesa, ukubwa wa mafuriko, idadi ya watu wanaokufuata mtandaoni, hivi havina kengele. Vinajazana kushoto, kwenye vidogo, halafu vinavuta mkia mrefu kwenda kulia. Ukivilazimisha kengele vinakujibu upuuzi kama wa dakika hasi, na hapo una bahati, kwa sababu upuuzi wa dakika hasi unauona kwa macho. Mara nyingine hauonekani.

Mfano wa usioonekana, nawapeleka mbali kidogo. Agosti 2007, wakati mifuko ya uwekezaji ya Marekani inaanza kuyumba, mkuu wa fedha wa benki ya Goldman Sachs, David Viniar, aliliambia gazeti la Financial Times kwamba walikuwa wanaona bei zinaruka kwa michepuko 25, siku kadhaa mfululizo. Michepuko 25! Mwenye R aandike pnorm(-5) aone. Kwa hesabu za kengele, siku mbaya ya michepuko 5 tu inatakiwa itokee mara moja katika miaka kama 14,000 ya soko. Ya michepuko 8, ulimwengu wenyewe wenye miaka bilioni 13.8 hautoshi kuisubiri. Ya 25 sijui hata niiandikeje. Na wao wanasema imetokea siku kadhaa, wiki moja. Wala haikuwa mara ya kwanza kwa soko kufanya vituko, maana tarehe 19 Oktoba 1987 kipimo cha Dow Jones cha New York kiliporomoka asilimia 22.6 kwa siku moja. Masoko ya hisa yana mkia mnene, yaani vile vituko vikubwa ni vichache lakini si vichache kama kengele inavyodai. Watu wenye digrii za hesabu, wenye kompyuta za mabilioni, walifanya alichofanya bosi wangu na daftari. Mwaka uliofuata dunia nzima ikalipa.

Haya, turudi nyumbani.

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ilitangaza kuwa Tanzania imepanda kutoka nchi za kipato cha chini kwenda kipato cha kati cha chini. Namba zilikuwa hivi: pato la taifa kwa kila mtu mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080, na mstari wa kuingia kundi hilo ulikuwa dola 1,036. Tuliruka mstari kwa dola 44. Mtaani mkakasirika, "mbona mimi sijaona?" Lakini hakuna aliyesema utaona. Hiyo 1,080 wameipata kama bosi alivyopata 58, wamechukua pato lote la nchi wakagawanya kwa vichwa vyote. Ndani ya hilo pato kuna faida za kampuni, kuna mapato ya serikali, kuna wewe, kuna jamaa wa usiku. Kwa kiwango cha kubadilishia cha wakati ule, kama shilingi 2,300 kwa dola, ni kama laki mbili na elfu saba kwa mwezi kwa kila kichwa, mpaka mtoto mchanga. Familia ya watu watano ni zaidi ya milioni moja kwa mwezi. Sasa weka pembeni yake utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18, wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Unasema Watanzania 26.4 kati ya kila 100 walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na mstari wenyewe ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima. Namba hizo mbili hazipimi kitu kimoja, moja ni pato la nchi na nyingine ni matumizi ya nyumbani, lakini zote ni za kweli na zote ni za nchi moja. Anony wa pili na unga wake yuko sahihi, na Benki ya Dunia nayo iko sahihi. Kinachowagombanisha ni mkia.

Hapo ndipo nikasema ngoja niichukue R niiulize kuhusu 2050.

Kuna kipimo kinaitwa Gini. Kama kila mtu ana sawa na mwenzake ni 0, kama mtu mmoja ana vyote na wengine hawana kitu ni 1. Benki ya Dunia inaipa Tanzania 0.405 kwa mwaka 2018. Afrika Kusini waliipa 0.63 kwa mwaka 2014, moja ya namba za juu kabisa duniani. Sasa wataalamu wakitaka kuchora kipato cha watu wa kawaida hawatumii kengele, wanatumia mchoro ambao ukiuchukulia logi ndiyo unakuwa kengele. Logi ni zilezile za kitabu cha jedwali, zinazoubana mkia. Nilijaribu kwanza kwenye daftari, nikachukua logi za zile dakika 20, nikatafuta wastani wake, nikageuza kurudi kwenye dakika. Ikatoka 32.6. Mnaona inavyokaribia 30 ya mtu wa katikati? Jamaa wa usiku amenyamazishwa bila kufukuzwa.

Basi nikaiambia R initengenezee Watanzania 10,000 wa kubuni wa mwaka 2050, wastani wao dola 7,000 kama Dira inavyotaka, na Gini ya 0.405. Amri ni hizi, mnaweza kuzinakili kama zilivyo:

G <- 0.405
s <- sqrt(2) * qnorm((G + 1) / 2)
y <- rlnorm(10000, log(7000) - s^2/2, s)
mean(y)
median(y)

Wastani unatoka karibu na 7,000, ukiicheza mara nyingi unayumba kidogo tu. Mediani inatoka karibu na 5,280. Watu kama 65 kati ya 100 wako chini ya hiyo 7,000 ya kwenye hotuba. Bado si mbaya, mtu wa katikati mwenye dola 5,280 amepiga hatua kubwa sana. Kwa mchoro huohuo, ile 1,080 ya mwaka 2019 inakuwa kama 814 kwa mtu wa katikati.

Halafu nikabadilisha kitu kimoja tu. Wastani nimeuacha 7,000 uleule, nikaweka G kuwa 0.5. Mediani ikashuka mpaka kama 4,440. Nikaweka 0.63, ya Afrika Kusini. Mediani kama 3,130!

Someni tena hapo wadau, msipite haraka. Ni nchi tatu, zote zimefikia lengo. Zote zitapigiwa makofi Dodoma, kwenye magazeti yote kichwa cha habari ni "Tanzania yafikia dola 7,000". Lakini katika moja mtu wa katikati ana 5,280 na katika nyingine ana 3,130. Tofauti ya zaidi ya dola 2,100 kwa mwaka, kwa kila mtu wa katikati, na hiyo namba ya 7,000 haikuambii uko kwenye nchi ipi. Unaweza kukosa zaidi ya theluthi moja ya kile ambacho ungepata, na lengo likasomwa limetimia kwa asilimia mia.

Hapo nikajisikia vibaya kidogo, kwa sababu ile makala yangu ya mwisho na mimi niliandika "dola 7,000 kwa kila Mtanzania". Nimeirekebisha. Anony wa kwanza, samahani, nilikupotosha mimi.

Sasa kuna mjuaji atasema (namjua, yuko UDSM mwaka wa pili) kwamba huo mchoro wa logi hauwezi matajiri. Ni kweli, na ni jambo kubwa. Mchoro ule unafaa watu wa chini na wa kati. Kule juu kabisa mkia ni mnene zaidi, na aliyelionyesha mapema ni Mwitaliano Vilfredo Pareto, miaka ya 1890, alipokuwa akichambua kumbukumbu za mapato za nchi mbalimbali za Ulaya. Halafu kuna tatizo la kibinadamu. Mtu wa takwimu akigonga mlango wa chumba kimoja Manzese anafunguliwa. Akigonga geti lenye kamera Masaki anaambiwa bosi kasafiri. Kwa hiyo mkia ndiyo sehemu inayokosa watu kwenye madodoso, dunia nzima, si kwetu tu. Kwa maana hiyo Gini zote nilizotumia hapo juu zichukueni kama kiwango cha chini.

Nikaujaribu mkia wa Pareto wenyewe. Kuna namba moja inayoupa unene, na ukiiweka 1.16 unapata ile hali maarufu ambapo watu 20 kati ya 100 wana asilimia 80 ya mali. Amri ni fupi mno:

z <- runif(1000)^(-1/1.16)
mean(z)
median(z)

Watu 1,000 wa kubuni. Kwa hesabu za kwenye karatasi wastani wa kweli ni 7.25. Nikaicheza mara 20 na kuandika majibu kwenye daftari. Mediani ilikuwa 1.8, 1.8, 1.9, 1.8, 1.7, haina wasiwasi kabisa. Wastani ulikuwa mara 4.6, mara 5.3, mara 4.9, mara 6.1, nikaanza kudhani R imeharibika maana haifiki 7.25. Mara ya 17 ikaruka ghafla, 11.9! Nikaandika max(z) nimwone mkubwa wao. Mtu mmoja, zaidi ya 7,000, wakati mwenzake wa katikati ana 1.8. Huyo mmoja alibeba zaidi ya nusu ya mali ya watu wote elfu moja.

Hii ndiyo inayonitisha kuliko zile za mwanzo. Kwenye urefu wa watu, ukipima watu 1,000 wastani umetulia, kupima zaidi ni kupoteza futi yako. Kwenye mkia mnene unaweza kupima elfu moja ukadhani umeshajua wastani, kumbe yule mmoja bado hajaingia mlangoni. Akiingia, "uchumi umekua". Akihamisha pesa zake nje, "uchumi umedorora". Mama ntilie hapo nje ya cafe hajabadilisha hata bei ya chapati, lakini kwenye takwimu amepanda na kushuka.

Simaanishi wastani ufutwe. Bosi akitaka kujua mapato ya siku nzima, anahitaji wastani mara idadi ya wateja, na hapo jamaa wa usiku ni lulu, analipa kodi ya chumba karibu peke yake. Waziri wa Fedha akitaka kujua kodi itakayokusanywa, wastani na jumla vinamfaa. Kosa ni kuchukua namba ya kuhesabia sanduku la fedha ukaitumia kuelezea maisha ya mteja. Ndiyo maana Census Bureau ya Marekani kila mwaka inapotoa taarifa ya kipato cha kaya, namba inayobebwa na magazeti ni mediani. Kwa mwaka 2023 ilikuwa dola 80,610. Marekani ile yenye akina Musk na Bezos! Wangetumia wastani wangejisifu zaidi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye Dira ni dogo na halihitaji bajeti. Pembeni ya ile 7,000 pawekwe namba ya pili, ya mtu wa katikati, na iwe lengo kama ile ya kwanza. Data zipo, kaya zinahojiwa, na amri ya kuitafuta ina herufi sita. Wapinzani na nyie mnaopiga kelele kwamba takwimu ni za uongo, acheni hiyo, mnashindwa kirahisi kwa sababu takwimu si za uongo. Ulizeni mediani. Waandishi wa habari vilevile, ukiwa kwenye mkutano na mtu akisema "kwa wastani", nyoosha mkono. Mbunge akisema wastani wa mkopo wa vijana kwenye jimbo lake ni milioni 2, muulize kijana wa katikati kapata ngapi, halafu mwangalie usoni.

Kuhusu cafe: nilimpelekea bosi karatasi yenye namba 20 nimezichora kwa mstari, nukta 19 zimejazana kushoto na moja iko peke yake mwisho wa karatasi. Aliitazama kama dakika mbili. Akauliza, "Huyu ni yule wa usiku?" Nikasema ndiyo. Robo saa na nusu saa zimerudi kwenye bango, na jamaa amewekewa bei yake ya usiku kucha, shilingi 4,000, amefurahi mwenyewe. Wateja hawajarudi wote. Kwa jirani wameshafungua akaunti za kulipa kwa mwezi, sasa tunawavuta mmojammoja kwa kuprinti.

Mwenye kompyuta yenye R acheze hizo amri na G ya 0.3 na 0.45 anibandikie hapo chini mediani alizopata, nataka nichore mstari mzima kabla ya Ijumaa. Na wewe mjuaji wa UDSM, kama una njia nzuri ya kuunganisha mchoro wa logi kwa watu wa chini na mkia wa Pareto kwa watu wa juu kwenye R, naomba uiweke hapa hadharani, usinitumie inbox. Matusi nitafuta kama kawaida.

Naomba kuwasilisha.